Bakuli la Unga na Imani ya Watu
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu wa mtaa na kata,
Masheikh na wachungaji,
Wenzetu wa vikundi jirani,
Akina baba mliotusindikiza,
Na akina mama wenzetu wote:

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuifikia siku ya leo tukiwa wazima. Wapo tulioanza nao na leo hawapo. Tunawaombea walale pema. Pili tunamshukuru Mgeni Rasmi kwa kuacha shughuli zake na kuja kukaa nasi hapa chini ya mwembe. Hapa ndipo tulipoanzia, akina mama kumi na watano, tukiwa na daftari moja, sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, na hisa ya shilingi elfu moja kwa wiki. Leo tuko thelathini na wawili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu mnakiona.

Hesabu za hisa, mikopo na faida zimo katika taarifa ya Mweka Hazina. Historia ya kikundi imeandikwa na Katibu. Sisi hatutayarudia hayo. Tumeomba nafasi hii tuzungumze jambo moja tu, nalo ni bakuli la unga wa biskuti.

Tunajua wapo wanaoguna. Kikao cha kuandaa kitabu hiki kilipokaa, baadhi yetu walisema jambo hili lisitajwe, kwamba sherehe ni sherehe, na mambo ya aibu yabaki ndani. Wengine tukasema hapana, mficha maradhi kifo humfichua. Tukapiga kura kama katiba yetu inavyotaka, na waliotaka lisemwe wakashinda kwa kura tatu. Basi tunalisema, ili walioshindwa na walioshinda wote tusibaki na donge moyoni.

Ndugu Mgeni Rasmi, mradi wetu wa biskuti ulianza mwaka wa tatu wa kikundi. Tulikopa katika sanduku letu wenyewe tukanunua jiko la kuokea la mkaa. Tukaoka biskuti za nazi, za tangawizi na za karanga. Tukauza dukani, shuleni na kwenye shughuli. Watu wa Ngamiani hapa hapa Tanga ni mashahidi, maana wengi wenu mmezila.

Sasa kila mama anajua habari za siku ya kukanda. Watoto wanazunguka. Mmoja anataka kukomba bakuli, mwingine anataka kulamba mwiko, wa tatu analia kwa sababu hakubakiziwa. Na sisi tuliwapa. Sisi wenyewe tulikomba bakuli za mama zetu, tukakua, tukaolewa, tukazaa. Hatukuona ubaya wowote.

Mwisho wa mwaka 2018 alikuja likizo binti wa mwenzetu mmoja, anayeishi Marekani. Akatukuta tunakanda. Akacheka, akasema kule aliko hata watu wazima wanakula donge la biskuti bila kuliоka, kwa kijiko, kama aiskrimu. Akatusimulia kwamba mwaka 2017 katika jiji la New York lilifunguliwa duka la kuuza donge hilo, na watu walipanga mstari nje barabarani wakingoja zamu. Binti yule alisema na neno jingine, kwamba unga wao na mayai yao hutayarishwa kwanza. Lakini jamani, masikio yetu yalikuwa yamekwisha kwenda sokoni. Tulisikia mstari wa watu, basi.

Tukapiga hesabu. Donge halili mkaa. Donge haliungui. Donge halivunjiki njiani. Faida tupu!

Sikukuu ya Idi ya mwezi wa sita mwaka 2019 tukakanda kilo nane. Tulitia unga wa ngano kutoka kwenye mfuko, siagi, sukari, vanila na mayai mabichi ishirini na manne. Tukajaza vikombe vidogo vya plastiki, kikombe shilingi mia tano. Kufika adhuhuri vilikuwa vimekwisha, na watoto wanauliza kama vipo vingine. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Siku ya tatu hatukuimba. Simu zilianza usiku. Mtoto wa huyu anatapika, wa yule anaharisha. Tulipohesabu walifika watoto kumi na mmoja na watu wazima wawili. Wengi walipata nafuu nyumbani kwa maji ya chumvi na sukari. Lakini mmoja, mjukuu wa mwenzetu tuliye naye hapa, alikuwa na miaka minne, na choo chake kilikuwa na damu. Alilazwa siku tano. Tulikaa kwenye benchi la hospitali kwa zamu, wawili wawili, usiku na mchana. Bibi yake alikuwa miongoni mwa waliokanda donge lile. Alimkombesha bakuli kwa mkono wake mwenyewe.

Mungu ni mwema, mtoto alipona. Yule pale amekaa mbele, mwenye shati jeupe. Lakini Afisa Afya wa kata alitueleza baadaye kwamba wapo vijidudu vya tumbo ambavyo kwa mtoto chini ya miaka mitano vinaweza kuharibu hata figo. Tulipolisikia neno hilo, hakuna aliyeweza kunyanyua macho.

Ndani ya kikundi mambo yaliharibika. Mmoja alisema ni husuda za watu. Mwingine akasema ni maji ya mtaani. Mwingine akasema tunyamaze, maana hakuna wa kuthibitisha. Wenzetu watatu walichukua hisa zao wakaondoka. Ndipo bibi wa yule mtoto akasimama katika kikao akasema: "Sanduku letu tumelitia kufuli tatu ili fedha isipotee. Na imani ya watu je, mmeitia kufuli gani?" Akakaa. Hakuongeza neno.

Kesho yake tukatoka wawili wawili, nyumba kwa nyumba. Tuliomba radhi. Tulirudisha fedha ya kila kikombe kwa aliyesema alinunua, bila kuuliza ushahidi. Gharama za hospitali tulizitoa katika mfuko wa jamii. Wapo waliotupokea vizuri, wapo waliotufungia mlango, na tulistahili yote mawili. Wenzetu wawili kati ya watatu walioondoka walirudi baada ya hapo.

Kisha tukaenda kuuliza, kwa sababu kuomba radhi bila kujua umekosa nini ni kazi nusu.

Tulimwita Afisa Afya. Akatuuliza tuliweka nini. Tukamtajia. Alipofika kwenye mayai akatikisa kichwa, na hapo tulikubali, maana yai bichi linajulikana. Akatueleza kwamba kijidudu kinachoitwa salmonela kinaweza kukaa juu ya ganda na hata ndani ya yai lenyewe, yai zima lisilo na ufa. Lakini akaendelea: "Na unga nao ni mbichi." Hapo tulibisha. Unga ni mkavu, umefungwa, umetoka kiwandani! Tulimwona anatutania.

Akatueleza taratibu. Ngano inaota shambani. Juu yake wanaruka ndege, chini wanapita panya na mifugo, na samadi imo udongoni. Ikivunwa inasafishwa, inasagwa, inachekechwa, inafungwa. Katika safari yote hiyo ngano haipikwi. Kinu kinasaga, hakichemshi. Kwa hiyo kijidudu kilichotoka shambani kinaweza kufika mpaka kwenye mfuko wa unga, kikakaa humo mkavuni miezi mingi kimelala. Ukitia maziwa na sukari ukakanda, umekiamsha na umekitengea meza. Ukipika, kinakufa. Ndiyo sababu chapati na mkate havituumizi: si kwamba unga ni safi, ni kwamba moto umefanya kazi yake.

Yule binti wa Marekani naye alituandikia, na alihuzunika sana. Alitueleza kwamba hata kule yaliwapata. Mwaka 2009 watu zaidi ya 70, katika majimbo 30, waliugua baada ya kula donge la biskuti la dukani likiwa bichi. Kijidudu kilikuwa cha aina ya ikolai, ambacho si kawaida yake kutoka kwenye mayai, ndipo wachunguzi wakaanza kuutazama unga. Mwaka uliofuata mtengenezaji akaanza kutumia unga uliopitishwa kwanza kwenye joto. Mwaka 2016 wakaugua wengine 63 katika majimbo 24, na safari hii kijidudu kilikutwa ndani ya unga wenyewe. Na miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo watoto ambao hawakula hata donge la biskuti. Walipewa donge la unga wa chapati za kule ili wachezee mkahawani wakati wazazi wanasubiri chakula.

Tuliposoma hapo tuliangaliana. Nani kati yetu hajampa mtoto kipande cha donge la chapati akae kimya jikoni?

Mtatuuliza, je, kwenu ilikuwa ni yai au ni unga? Hatusemi ni yai, hatusemi ni unga. Vikombe vilikuwa vimekwisha kulambwa, hakuna aliyepima. Vyote viwili vilikuwa vibichi, na kosa la kuviuza vibichi ni letu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tungeweza kuacha. Wengi walitaka tuache. Lakini watoto waliendelea kuuliza, na sisi tuliona kwamba tukiacha tutakuwa tumejifunza kuogopa tu, hatujajifunza kutengeneza. Tukaamua tutafute namna ambayo donge litaliwa bila kuokwa na lisimdhuru mtu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kukaanga unga mkavu. Tuliutandaza kwenye trei tukautia katika jiko mpaka ukanukia kama njugu. Tulifurahi. Afisa Afya akatuzuia. Alisema kijidudu kikiwa mkavuni kinavumilia moto kuliko kikiwa kwenye maji. Isitoshe unga kwenye trei haupati joto sawasawa: pembeni umeungua, katikati uko vuguvugu. Viwandani wanavyo vyombo vya kupimia na kuongoza joto, sisi tuna pua. Hata mamlaka ya chakula ya Marekani inawaonya watu wasitegemee kukaanga unga nyumbani kwa ajili ya kuula mbichi. Basi, akina mama, tulijifunza hapo kwamba kunukia si kuiva.

Jaribio la pili lilitoka kwa mzee wetu mmoja, mkubwa kuliko sisi sote. Alikaa kimya siku nyingi, halafu akauliza: "Ugali mnaula mbichi?" Tukacheka. Akasema: "Basi lipikeni hilo donge kama ugali." Afisa Afya alipoambiwa akasema mzee amesema kweli, maana maji yanayochemka hupeleka moto kila mahali ndani ya unga, na kijidudu kilicholowa hakivumilii. Kumbe elimu tulikuwa nayo kwenye mwiko.

Jaribio la tatu lilitokana na hasara. Kila tunapooka, biskuti kadhaa huvunjika, na zilizovunjika haziuziki. Mwenzetu mmoja akazitwanga, akazichanganya na siagi na maziwa yaliyochemshwa, akatupa tuonje. Lilikuwa donge! Ladha ile ile ya bakuli, lakini kila punje ya unga imekwisha kupita jikoni. Hili ndilo tunalouza mpaka leo.

Tumeombwa na vikundi jirani tuandike namna zote mbili, nasi tunaandika hapa chini bila kuficha kitu.

Donge la biskuti zilizookwa

Chukua biskuti zilizookwa na kuiva kabisa mpaka ndani, vipimo vinne vya kikombe zikiwa zimetwangwa. Siagi, nusu kikombe. Sukari laini, vijiko vinne vya chakula, maana biskuti zina utamu wake tayari. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita hadi vinane. Chumvi, mfinyo mmoja. Vanila au iliki kidogo. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nusu kikombe ukipenda.

1. Twanga biskuti katika kinu kisafi na kikavu. Kinu kilichotwangia unga mbichi kisitumike. Chekecha.
2. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na laini.
3. Tia biskuti, chumvi na vanila. Changanya kwa mwiko.
4. Ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja, huku ukikanda, mpaka donge lishikamane na lisinate mkononi. Usimimine yote kwa pamoja, maana litakuwa uji.
5. Tia karanga mwisho. Funika, weka mahali pa baridi.

Hamira ya unga, yaani bekingi pauda, usiitie. Kazi yake ni kuumua kitu kinachookwa, na hapa hakiokwi. Mayai pia hayana kazi. Tulidhani donge bila yai halishiki, kumbe siagi na maziwa vinatosha.

Donge la unga uliopikwa

Maziwa kikombe kimoja, siagi nusu kikombe, sukari nusu kikombe na chumvi kidogo. Weka motoni mpaka vichemke kwa nguvu. Punguza moto, mimina unga wa ngano kikombe kimoja kilichochekechwa, songa kwa haraka kama unavyosonga ugali. Usiache buje hata moja, maana ndani ya buje unga bado mkavu na mbichi. Endelea kugeuza na kubonyeza kwenye moto mdogo mpaka donge liachane na sufuria na mvuke utoke kila unapolikata kwa mwiko. Tandaza kwenye sahani safi lipoe upesi. Likishapoa tia vanila na karanga.

Tuseme ukweli, hili la pili si sawa na donge la bakuli. Ni laini, linavutika kidogo, liko karibu na halua kuliko biskuti. Watoto hulipenda zaidi likichanganywa na biskuti zilizotwangwa. Lakini kwa mama asiye na jiko la kuokea, hili linamfaa.

Kuhusu karanga tuna neno. Chagueni moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupeni, wala msiseme moto utaiponya, kwa sababu kukaanga hakuondoi sumukuvu. Mnakumbuka mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu ya nafaka. Si jambo la mzaha.

Baada ya yote hayo tulijiwekea masharti, nayo yamebandikwa ukutani katika chumba cha mradi:

Kwanza, mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chochote, na tena baada ya kugusa unga mbichi, mayai au fedha. Anayepokea fedha hajazi vikombe.

Pili, meza ya unga mbichi ni moja, na meza ya donge la kula ni nyingine. Vijiko, mabakuli na vitambaa vyao havichanganywi. Tulitia alama ya rangi nyekundu vyombo vya unga mbichi ili hata asiyesoma ajue.

Tatu, maziwa yanachemshwa hata kama aliyeyaleta ameapa.

Nne, donge halikai juani wala mezani zaidi ya saa mbili. Linakaa kwenye jokofu au kwenye sanduku lenye barafu. Lisipouzwa siku ile, halilali kungoja kesho. Tunalioka liwe biskuti upya au tunalitupa.

Tano, mwenye kuharisha au kutapika hashiki kazi ya jikoni mpaka apone kabisa, na posho yake ya siku hiyo anapewa. Sharti hili liligombewa sana kwa ajili ya fedha. Lakini tuliona kwamba mama akijua atakosa posho ataficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa ndio utakaoingia katika kikombe.

Sita, bakuli la unga mbichi halikombwi na mtoto wala mtu mzima. Linatiwa maji ya moto na sabuni pale pale.

Akina mama wenzetu, masharti haya si ya kikundi peke yake, yanafaa nyumbani. Sisi tuna desturi ya kuonja. Tunakoroga unga wa kaimati, tunachovya kidole kuangalia kama sukari imekolea. Tunakoroga keki, tunalamba. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kidole kile kile kinarudi bakulini. Tuiache desturi hiyo. Ukitaka kujua sukari, kaanga kaimati moja kwanza, uionje ikiwa imeiva, kisha ongeza. Na mtoto anayetaka donge la kuchezea, mpe la udongo wa mfinyanzi, au umwangalie asilitie mdomoni na umnawishe akimaliza.

Na mtoto akishaharisha, usingoje kuulizana. Mpe maji ya ORS, pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe. Anyweshwe kidogo kidogo. Ukiona damu katika choo, au mtoto hakojoi, au amelegea na hanywi, mwende kituo cha afya saa hiyo hiyo. Msikimbilie dukani kununua dawa ya kufunga tumbo. Tulijifunza hayo kwenye lile benchi, na hatupendi mama mwingine ajifunzie pale.

Ndugu Mgeni Rasmi, kabla ya kulirudisha donge sokoni tulifanya jambo moja ambalo tunajivunia kuliko faida yote. Tuliwaita wale wazazi wa watoto kumi na mmoja. Tuliwatengenezea donge mbele ya macho yao, kuanzia biskuti kutoka jikoni mpaka kikombe. Tukala sisi kwanza. Tukangoja. Baada ya wiki tukawaita tena, tukawaambia aliye tayari ale, asiye tayari tusimlaumu. Wanane walikula. Wawili walikataa, na mpaka leo wananunua biskuti tu, si donge. Mmoja hakuja kabisa. Tunasema haya ili mjue imani hairudi yote kwa siku moja. Inarudi kama hisa, kidogo kidogo, na kuna nyingine hairudi.

Kifedha, donge limetusaidia. Biskuti zilizovunjika ambazo zilikuwa hasara sasa zinalipia mkaa wa mwezi mzima na zinabakiza kidogo. Hatujapeleka donge mbali. Tunaliuza siku ile ile, hapa hapa mtaani, kwa watu tunaowajua na wanaotujua. Kulitia katika vifungashio vya kwenda maduka ya mbali ni jambo jingine, linalotaka vipimo na nembo ya ubora. Tangu mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula imo mikononi mwa TBS, na wajasiriamali wadogo kama sisi huanzia kwa wenzetu wa SIDO. Njia hiyo tumeanza kuiulizia. Hatutairuka. Tulikwisha kuruka mara moja, na mmesikia tulipoangukia.

Ombi letu kwa Mgeni Rasmi ni moja, na si kubwa. Tunalo jokofu moja kuukuu, nalo umeme ukikatika halishiki baridi. Tumekwisha kuweka akiba nusu ya bei ya jipya. Atakayetuunga mkono kwa nusu iliyobaki atakuwa amelinda matumbo ya watoto wa mtaa mzima. Na kama hakuna, tutalifikia wenyewe kwa hisa zetu, kama tulivyozoea.

Kwa wenzetu wa vikundi jirani tunasema: mkituiga biskuti, tuigeni na masharti. Kwa wanachama wetu vijana, mtakaokalia viti hivi baada yetu, tunasema: daftari la hesabu linaonyesha fedha iliyoingia na iliyotoka, lakini haliandiki jinsi tulivyosimama milangoni kwa watu kuomba radhi. Ndiyo maana tumetaka iandikwe humu, katika kitabu cha sherehe, mahali ambapo hakitapotea.

Mwisho, kwenye meza ile pale kuna vikombe vya donge kwa kila mgeni. Limetengenezwa leo asubuhi kwa biskuti zilizookwa jana, na limekaa barafuni mpaka sasa. Aliyelikanda wa kwanza ni yule bibi, na atakayeonja wa kwanza ni mjukuu wake, kwa hiari yake na kwa haraka, maana ameanza kutuuliza tangu alfajiri hotuba itakwisha saa ngapi.

Imekwisha. Karibuni mezani, lakini nawaneni mikono kwanza.